Radi na rilei: mwongozo kamili wa kupanga aresta, ethi na rilei zifanye kazi pamoja

Kuna swali mafundi wapya huwa wanauliza na ni swali zuri sana: kama kituo cha umeme kina rilei (vifaa vinavyopima mkondo na kuiamuru breka ikate) za kisasa kabisa, za dijitali, zinazokata ndani ya kufumba na kufumbua, aresta (vifaa vinavyomwaga radi ardhini) za nini tena?

Jibu liko kwenye muda. Mkondo wa radi unapanda mpaka kileleni ndani ya mikrosekunde chache tu na kabla ya mikrosekunde mia umeshapungua kwa zaidi ya nusu. Rilei ya dijitali iliyo nzuri inataka kama milisekunde 20 mpaka 30 kuamua kwamba hii ni hitilafu, alafu breka (swichi kubwa ya kukata umeme) nayo inataka zingine 40 mpaka 80 hivi kukata. Milisekunde moja ina mikrosekunde 1000. Kwa hiyo rilei inapoanza kupima tu, radi imeshapita na kama kuna kitu cha kupasuka kimeshapasuka.

Maana yake rilei haizuii radi, haijawahi kuzuia na haitakaa izuie. Radi inazuiwa na waya wa kinga ulioko juu ya laini, na ethi (njia ya kwenda ardhini), na aresta. Rilei kazi yake ni kile radi inachoacha nyuma, yaani volteji ya radi inaruka juu ya kikombe (kile kinachoshika waya kwenye nguzo na kuzuia umeme usivuje), hewa pale inageuka njia ya moto, na mkondo wa mfumo wenyewe wa hezi 50 unaifuata ile njia iliyokwisha funguliwa na unaendelea kuwaka hata radi ikiwa imeisha. Hiyo ndo shoti ambayo rilei inaiona na inatakiwa iikate. Ukielewa huu mgawanyo wa kazi, kila hatua hapa chini utaona imetoka wapi.

Kabla ya yote, usalama. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali, shuka, ondoka uwanjani, usiguse ethi wala waya wa aresta. Na hata siku ya jua kali usifungue ethi ya aresta ambayo laini yake ina umeme, kwa sababu ukishaifungua ule mguu wa chini wa aresta unaweza kupanda mpaka volteji ya laini na wewe ndo umeshika. Kibali cha kazi, kukata, kupima kwamba hamna umeme, kufunga ethi za muda, ndo uguse.

HATUA YA 1: Jua kifaa chako kinavumilia kiasi gani

Soma bamba la transfoma. Pale kuna namba inaitwa BIL, hiyo ndo volteji ya radi ambayo kifaa kimejaribiwa nayo kiwandani kwa wimbi la 1.2/50, yaani linapanda kwa mikrosekunde 1.2 na kushuka nusu kwa mikrosekunde 50. Kwa viwango vya kimataifa vya IEC, vifaa vya mfumo wa kV 11 mara nyingi utakuta BIL ya kV 75 au 95, vya kV 33 mara nyingi 170, na vya kV 132 utakuta 550 au 650. Andika hiyo namba mahali unapoiona, kwa sababu hesabu zote za aresta zinarudi kwake. Na kumbuka transfoma iliyozeeka, mafuta yake yakiwa na maji, haina tena ile BIL iliyoandikwa.

HATUA YA 2: Ethi ya nguzo, hapa ndo wengi wanapoteza

Watu wakiona waya wa kinga uko juu wanaridhika. Waya wa kinga unasaidia radi isipige waya za fezi (zile zinazobeba umeme), lakini radi ikipiga huo waya wa kinga au kichwa cha nguzo, mkondo lazima ushuke ardhini, na ukishuka kwenye ethi mbovu nguzo nzima inapanda volteji. Chukua hesabu rahisi. Radi ya kawaida kabisa, ya katikati, ina kama kiloampea 30. Ethi ya omu 10 inakupa kV 300. Ethi ya omu 50 inakupa kV 1500. Sasa vikombe vyako vya laini ya kV 132 vinavumilia kV mia sita na kitu, vitafanyaje? Volteji inaruka kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye waya, kinyumenyume, na laini inakatika japo radi haikugusa waya wa fezi hata kidogo. Kweli sehemu ya mkondo inakimbilia nguzo za jirani kupitia waya wa kinga kwa hiyo namba halisi zinakuwa chini ya hizo, lakini picha ni hiyohiyo. Lengo la wengi ni omu 10 au chini kwa nguzo, na omu 1 au chini kwa kituo kikubwa.

Kupima fanya hivi. Laini ikiwa imezimwa, tenganisha ethi ya nguzo na waya wa kinga, la sivyo utakuwa unapima nguzo zote kwa pamoja utapata namba nzuri ya uongo. Chomeka rodi ya mkondo mbali, mara nyingi zaidi ya urefu wa ethi yenyewe, mita 50 si mbaya kwa nguzo ya kawaida. Rodi ya volteji iweke kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 31. Soma. Alafu isogeze mita 5 mbele usome, mita 5 nyuma usome. Zikikaribiana umepata, zikipishana sana rodi ya mkondo bado iko karibu mno, isogeze mbali urudie. Na pima kiangazi jamani, udongo ukiwa mkavu, maana kipimo cha masika kinakupa moyo bure.

Omu zikiwa juu, ongeza rodi, lakini zitenganishe angalau kwa urefu wa rodi moja na ikiwezekana mara mbili, rodi mbili zilizobanana zinafanya kazi kama moja na nusu tu. Kwenye mwamba rodi hazishuki, pale laza waya mrefu chini ya udongo kufuata laini.

HATUA YA 3: Aresta, ichague na uiweke PALE PALE

Aresta za sasa ni za oksidi ya zinki. Kwenye volteji ya kawaida inapitisha mkondo mdogo sana, chini ya miliampea chache, volteji ikipanda inafunguka yenyewe na kumwaga mkondo wa radi ardhini, ikishuka inajifunga. Hakuna kitu cha kutripu.

Kuchagua angalia kwanza volteji ambayo aresta inaivumilia muda wote, ile Uc. Mfumo wa kV 33 unaweza kufika 36, gawa kwa mzizi wa 3 unapata 20.8 kutoka fezi kwenda ardhini. Kama nyutro (pale fezi tatu zinapokutana kwenye transfoma) imefungwa vizuri ardhini, Uc ya juu kidogo ya hapo inatosha, ila lazima pia uhakikishe inavumilia ule upandaji wa muda mfupi wa volteji ya fezi zilizo salama wakati fezi moja imepiga shoti. Kama nyutro haijafungwa ardhini, fezi moja ikigusa ardhi zile mbili zingine zinapanda mpaka volteji kamili ya laini na zinaweza kukaa hapo kwa masaa, kwa hiyo Uc lazima iwe 36 au zaidi. Nimeona aresta za mfumo wa nyutro iliyofungwa zimewekwa kwenye mfumo usiofungwa, zinapasuka moja baada ya nyingine na watu wanasema radi ya eneo hili ni kali, kumbe zinakufa hata siku isiyo na wingu.

Sasa uwekaji, na hapa nataka tukae kidogo. Tuseme transfoma yako BIL ni 170 na aresta yako ikipitisha kiloampea 10 inabakiza kV 80. Gawa 170 kwa 80, una akiba ya asilimia 112, safi sana. Lakini waya unaounganisha aresta, ule wa juu pamoja na ule wa kushuka chini, una induktansi ya kama mikrohenri 1 kwa kila mita. Radi inayopanda kiloampea 10 kwa mikrosekunde inaweka kV 10 kwenye kila mita ya huo waya. Ukiwa na mita 3 umeongeza kV 30, sasa transfoma inaona 110, akiba imeshuka mpaka asilimia 55. Alafu aresta uliiweka mita 10 kutoka kwenye transfoma. Wimbi linakimbia mita 300 kwa mikrosekunde, linapita aresta, linafika kwenye transfoma linagonga na kurudi, na kabla halijarudi kwenye aresta volteji ya pale inaendelea kupanda. Hesabu yake ni mara mbili ya mwinuko wa wimbi mara umbali gawa kwa mwendo, kwa wimbi linalopanda kV 500 kwa mikrosekunde ni 2 × 500 × 10 ÷ 300, karibu kV 33. Jumla sasa ni 143. Akiba imebaki asilimia 19. Watu wengi wanataka angalau 20. Aresta ileile, nzuri, ya bei, umeipoteza kwa mita chache za waya.

Niliwahi kuitwa mahali transfoma imeungua baada ya mvua, aresta zote tatu nzima ukizipima. Nikaangalia juu. Fundi aliyefunga waya wa ethi alibakiwa na waya mrefu, hakutaka kuukata, akauzungusha vizuri mizunguko mitano hivi kama kamba ya kuteka maji na kuufunga kwa tai za plastiki pembeni ya nguzo. Kazi safi kwa macho. Lakini ile ni koili, na koili ndo kitu ambacho mkondo wa radi haupendi kabisa kupita. Kata waya. Unyooshe. Kona ziwe chache na za mviringo, sio za pembe kali.

Na ethi ya aresta, ethi ya tanki la transfoma na ya nyutro upande ule zikutane karibu kabisa na tanki. Zikiwa na rodi tofautitofauti mbalimbali, tofauti ya volteji kati yao inaangukia kwenye kihami cha transfoma. Kama kanuni za mfumo wenu zinataka ethi ya volteji ndogo itenganishwe na ya volteji kubwa, zifuate, ila aresta na tanki zisitenganishwe.

Ukaguzi wa aresta: kamera ya joto, linganisha fezi tatu, moja ikiwa na joto kuliko wenzake hata kwa digrii chache ifuatilie. Kaunta ya aresta, ile inayohesabu mara ilizomwaga radi, isome kila baada ya msimu.

HATUA YA 4: Rilei, kukata kile radi ilichoacha

Hapa tunaingia kwenye ile shoti ya hezi 50. Kila aina ya ulinzi ina namba yake. Kwa fida (laini inayotoka kituoni) ya kawaida unahitaji ulinzi wa mkondo mkubwa, namba 50 (wa papohapo) na 51 (unaosubiri muda), na wa hitilafu ya ardhi 50N na 51N. Transfoma kubwa iongezee 87T (inalinganisha mkondo unaoingia na unaotoka), laini ndefu ya msongo mkubwa 21 (inapima umbali wa hitilafu).

Upangaji unaanzia mwisho wa laini kurudi kwenye chanzo. Tuchukue rilei mbili, A iko mbele kwenye fida na B nyuma yake kituoni, zote za mkunjo wa kawaida wa IEC ambao muda wake ni TMS × 0.14 ÷ ((I/Is) kwa kipeo cha 0.02, toa 1), TMS ikiwa kizidisho cha muda, I mkondo wa shoti, na Is mkondo ambao rilei inaanzia. Shoti kubwa karibu na A ni ampea 4000. A inaanzia ampea 200, TMS 0.1. Mkondo ni mara 20 ya mpangilio, ukipiga hesabu inakata kwa sekunde 0.227. B inaanzia ampea 400, kwake ni mara 10, kwa TMS ya 1 ingechukua sekunde 2.97. Tunataka B isubiri A kwanza, tumpe nafasi ya sekunde 0.3 ya breka kukata na makosa ya vifaa, yaani 0.527. Gawa 0.527 kwa 2.97 unapata 0.177, weka 0.18. Alafu usiishie hapo, rudia kwa shoti ndogo, ampea 1000: A inatoa 0.43, B inatoa 1.36, bado zimepishana vizuri. Mikunjo ikiwa ya aina tofauti inaweza kukutana mahali fulani katikati, ndo maana ukaguzi wa pointi moja hautoshi.

Ile 50 ya papohapo usiiweke chini sana. Iwe juu ya shoti kubwa inayoweza kutokea mwisho wa eneo lake kwa asilimia 20 au 30, vinginevyo itakata kwa hitilafu za wenzake. Na 21, zoni ya kwanza iachwe kwenye asilimia 80 hivi ya laini, zoni ya pili ifike 120 na icheleweshwe sekunde 0.3 au 0.4.

Sasa kurudisha umeme wenyewe baada ya kukata, namba 79. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita, na za radi ndo hasa za namna hiyo: ukikata mkondo, moto unazimika, hewa inapoa, kikombe kinarudi kazini kama hakikupasuka. Kwa hiyo laini ya juu isiyo na rikloza (breka inayojirudisha yenyewe) au 79 inawaweka watu gizani bure. Lakini muda wa kusubiri upe heshima. Mmweko mmoja wa radi kwa kawaida una mapigo matatu au manne yanayofuatana kwa makumi ya milisekunde, na njia ya hewa iliyoungua inataka muda ipoe. Kwenye msongo mkubwa watu wanatumia sekunde 0.3 mpaka 0.5, kwenye usambazaji unaweza kwenda mpaka sekunde kadhaa bila hasara. Ukirudisha haraka mno unaiwasha ileile shoti tena.

79 lazima ifungwe isifanye kazi kwenye kebo za chini, transfoma, busba (baa za kuunganishia laini kituoni), breka ikishindwa kukata, na watu wakiwa kwenye laini. Hii ya mwisho niisisitize kwa moyo wote, kabla mtu hajapanda, swichi ya 79 izimwe, ibandikwe kibao, na anayepanda aione kwa macho yake.

Kwa 87T, umeme ukirudi transfoma inavuta mkondo mkubwa wa kuanzia ambao una hamonia ya pili (mkondo wa hezi 100) nyingi, weka kizuizi kwenye asilimia 15 mpaka 20 ili isitripu bure. Na kuna jambo dogo linalopoteza siku nzima za watu: kama aresta iko ndani ya eneo la 87T, kati ya CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) na transfoma, aresta hiyo ikifa kwa shoti 87T itakata, na kila mtu ataikimbilia transfoma. Anza kwa kutazama aresta. Hata hivyo 87T ikishakata usirudishe umeme mpaka transfoma ipimwe.

HATUA YA 5: Linda rilei yenyewe

Rilei ya zamani ya diski ilikuwa ngumu kweli. Ya dijitali ni kompyuta, na radi inayopiga uwanjani inaifikia kupitia kebo za udhibiti. Skrini ya kebo hizo ifungwe ethi ncha zote mbili. Sekondari ya CT (upande unaoenda kwenye rilei) ifungwe ethi sehemu moja tu, kila seti. Kebo zisipite sambamba na waya wa kushuka wa aresta. Weka vizuia mawimbi kwenye DC (umeme wa betri) na kwenye laini za mawasiliano, na mawasiliano ya kutoka jengo kwenda jengo tumia faiba ukiweza.

Na betri. Rilei bila DC ni sanduku tu, breka haitakata hata shoti ikiwaka mbele yako. Pima betri ikiwa na mzigo, chaja ikiwa imezimwa. Betri ya volti 110 inaweza kuonyesha 110 vizuri kabisa na ikaanguka pale koili ya breka inapoivuta.

HATUA YA 6: Jaribu mpaka breka ifunguke

Kuingiza mkondo wa majaribio kwenye rilei A yetu: chomeka plagi ya majaribio, hakikisha CT zimefungwa shoti KABLA hujatenganisha chochote, maana sekondari ya CT ikiachwa wazi na mkondo unapita inatoa volti maelfu, inaua mtu na inaunguza CT. Ingiza mara 2 ya mpangilio, utegemee sekunde 1.00. Mara 5, sekunde 0.43. Mara 10, sekunde 0.30. Tofauti ikizidi zile asilimia chache za mtengenezaji, tafuta sababu. Alafu mara ya mwisho acha rilei ikate breka yenyewe, sikia kishindo, tazama kiashiria kimegeuka. Rilei inayojaribiwa peke yake bila breka umejaribu nusu ya njia tu. Kwenye 87T ongeza ukaguzi wa mwelekeo wa CT ukiwa na mzigo, CT moja iliyogeuzwa itakaa kimya miezi na kukata siku mzigo ukipanda.

HATUA YA 7: Baada ya radi, soma

Rilei za dijitali zinahifadhi rekodi ya mawimbi. Zipakue siku hiyohiyo kabla mpya hazijafuta za zamani, na hakikisha saa zote zimeoanishwa kwa GPS, la sivyo huwezi kujua ipi ilitangulia. Kwa kila tukio andika saa, fezi, umbali wa hitilafu uliopigiwa hesabu na rilei, imerudi au imelokauti (imebaki imekatika), na kaunta ya aresta imesogea au la.

Baada ya msimu mmoja panga hizo umbali kwenye karatasi. Zikisambaa laini nzima, tazama waya wa kinga. Zikirundikana, tuseme kati ya nguzo ya 40 na ya 46, fezi zikibadilikabadilika na kila mara umeme unarudi wenyewe, hiyo karibu kila mara ni ethi, radi inapiga nguzo na kurukia waya. Omba kuzimiwa laini, nenda na kipimo, anza na nguzo iliyo kwenye mwamba au juu ya kilima, na kagua kwa mkono kile kibano kinachoshika waya wa ethi mguuni mwa nguzo, mara nyingi utakikuta kimeliwa na kutu na waya unacheza. Kikwangue, badilisha kibano, pima tena, andika namba mpya pembeni ya ile ya zamani.